SOMO LA KIINGEREZA: "HEAD OFF" NI KUWAHI MBELE NA KUZUIA



 Chukua kalamu na daftari. Kama huna daftari, pembeni mwa karatasi hii panatosha. Kama jirani yako hajui kusoma, msomee kwa sauti, mjifunze wote wawili.

Leo tunajifunza maneno mawili mafupi yanayokwenda pamoja: "head off". Ukiyatazama moja moja utasema unayajua. "Head" ni kichwa. "Off" ni kuondoka mahali, au kuzimika, kama taa ikizimwa. Lakini yakiunganishwa huwa neno jingine kabisa. Maana yake ya kwanza ni kumwahi mtu au mnyama mbele ya safari yake, ukamzuia asifike anakokwenda.

Utayakuta maneno haya katika matangazo, redioni, na katika mahojiano. Yana hatari moja. Yana maana zaidi ya moja, tena zinazotofautiana sana, na kinachozitenganisha ni neno moja dogo. Anayelikosea neno hilo anaweza kugeuza habari ya maisha yake bila kujua. Kwa hiyo tusome polepole.

MATAMSHI

"Head" hutamkwa "hed". Herufi "a" haisikiki. "Off" ina "f" mbili, nayo hutamkwa kwa "f" inayosikika vizuri. Usiichanganye na "of" yenye "f" moja, ambayo hutamkwa "ov" na ni neno jingine.

1. MAANA YA KWANZA: KUKATIA NJIA

Tuanze na jambo tunalolijua. Mbuzi wamekata kamba, wanakimbilia shamba la muhogo la wenyeji. Wakiingia humo, jioni kutakuwa na maneno. Mtoto akiwafukuza kwa nyuma, watazidi kukimbia, tena kuelekea palepale asipotaka. Mtoto mwenye akili huzunguka kwa pembeni, akawapita, akasimama mbele yao na kunyosha mikono. Yule mbuzi wa mbele akigeuka, wote wanageuka.

Hiyo ndiyo "head off". "Head" hapa ni kichwa cha kundi, yaani mbele ya kundi. Maneno haya yalianza kuenea Marekani katika karne ya 19, na filamu za zamani za wachunga ng'ombe wa huko ziliyapenda sana. Mpanda farasi huwaambia wenzake wapite njia ya mkato, ili wawawahi wezi kwenye mwanya wa milima. Mchungaji wa Burundi au wa Kivu hahitaji filamu kuelewa jambo hilo.

Soma mifano hii kwa sauti:

"The boy headed off the goats." Mtoto aliwawahi mbuzi mbele akawazuia.

"Head them off before they reach the cassava." Wawahi mbele kabla hawajafika kwenye muhogo.

"The guards headed off the thief near the water tap." Walinzi walimkatia mwizi njia karibu na bomba la maji.

Angalia kwamba katika mifano yote mambo matatu yapo. Kuna aliye njiani. Kuna aliyemtangulia mbele. Na yule aliye njiani hakufika alikokusudia. Jambo moja likikosekana, tafuta neno jingine. Mwizi akikimbizwa na kukamatwa kwa nyuma, hapo si "head off". Sema "They chased the thief and caught him", yaani walimfukuza wakamkamata.

2. MAANA YA PILI: KUZUIA BALAA KABLA HALIJAFIKA

Balaa nalo husafiri. Ugomvi huanza kwa neno moja kwenye foleni ya maji, ukaenda nyumbani, ukafika kijiji cha pili. Ugonjwa huanza katika nyumba moja. Kwa hiyo Waingereza hutumia "head off" pia kwa mambo mabaya yanayokuja. Wahenga wetu wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuziba huo ufa mapema ndiyo "head off".

"The leaders met to head off a quarrel." Viongozi walikutana ili kuzuia ugomvi kabla haujatokea.

"Clean water helps to head off cholera." Maji safi husaidia kuzuia kipindupindu kisiingie.

"They vaccinated the children to head off measles." Waliwachanja watoto ili kuiwahi surua.

Neno hili lina uzito mkubwa katika maisha ya kambi. Wengi wenu mnaijua habari ya Goma, iliyokuwa Zaire wakati ule. Mwezi wa Julai 1994 zaidi ya watu nusu milioni walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache tu. Watu walichota maji ya Ziwa Kivu yasiyotiwa dawa. Ardhi ilikuwa mwamba mgumu wa volkano, hata vyoo havikuchimbika. Katika mwezi wa kwanza walifariki karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Maji safi na dawa vilikuja, lakini ugonjwa ulikuwa umeshatangulia mbele. Kwa Kiingereza tunasema: "Help came too late to head off the cholera." Msaada ulichelewa, haukuwahi kukizuia kipindupindu.

Shika mtindo huo, "too late to head off". Na kinyume chake ni "in time to head off", yaani kuwahi kuzuia. Ukisikia mhudumu wa afya akisema "We are still in time to head it off", ujue anasema bado tunaweza kuuzuia. Hapo ndipo pa kuchemsha maji na kunawa mikono kwa sabuni, bila kungoja mgonjwa wa kwanza.

3. MAANA YA TATU: KUONDOKA

Sasa fungua macho. "Head off" ina maana nyingine isiyo na kuzuia hata kidogo. Ni kuondoka, kuanza safari.

"We head off at six." Tunaondoka saa kumi na mbili.

"She headed off to the market." Alianza safari kwenda sokoni.

"The truck headed off without us." Lori liliondoka, likatuacha.

Utajuaje ni maana ipi? Uliza swali moja: alimzuia nani, au alizuia nini? Kama sentensi ina jibu, maana ni kuzuia. Kama haina jibu, maana ni kuondoka. "The boy headed off the goats." Alizuia nini? Mbuzi. "The boy headed off." Alizuia nini? Hakuna. Basi mtoto ameondoka zake.

Mara nyingi baada ya maana ya kuondoka hufuata "to" au "for", na jina la mahali. Ukiona "headed off to", elewa ni safari.

4. NENO DOGO LA KATIKATI

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Soma sentensi hizi mbili. Tumezitunga sisi wenyewe, si habari ya mtu fulani.

"The soldiers headed us off at the river."

"The soldiers headed off to the river."

Kwa haraka haraka zinafanana. Lakini ya kwanza inasema: askari walituwahi mtoni wakatuzuia. Ya pili inasema: askari waliondoka kwenda mtoni. Katika ya kwanza wewe umepatwa na jambo. Labda mlirudi nyuma, labda mlitawanyika, labda hapo ndipo ulipopoteana na ndugu zako. Katika ya pili hujapatwa na lolote. Askari wamekwenda zao.

Sasa fikiri uko kwenye mahojiano, umeamua kuonyesha Kiingereza chako. Unakusudia kusema mlizuiwa, lakini "us" linakuponyoka. Afisa anaandika alichosikia. Miezi mingi baadaye, katika mahojiano mengine, unasema kwa Kiswahili kwamba mlizuiwa mtoni. Karatasi mbili hazipatani. Hukusema uongo mahali popote. Ni neno moja la herufi mbili lililoanguka njiani.

Kuna kosa la tatu, baya kuliko hilo. Mtu anataka kusema "tuliwakwepa askari", naye anasema: "We headed off the soldiers." Hapo amesema sisi ndio tuliowawahi askari na kuwazuia! Mkimbizi aliyejificha vichakani na watoto amejigeuza mpiganaji kwa kinywa chake mwenyewe. Kukwepa ni "avoid". Sema: "We avoided the soldiers." Au sema kwa urahisi zaidi: "We hid from the soldiers", yaani tuliwaficha nafsi zetu wasituone.

Jinsi ya kukumbuka: sisi tunasema "walituzuia". Hiyo "tu" inakaa katikati ya neno letu. Ukiitoa, inabaki "walizuia", na msikilizaji atauliza, walimzuia nani? Kiingereza nacho huweka "tu" yake katikati: "headed us off". Kwa hiyo kariri hivi:

"headed me off": alinizuia, au walinizuia
"headed him off", "headed her off": walimzuia
"headed us off": walituzuia
"headed them off": waliwazuia

Maneno haya madogo hukaa katikati daima. Usiseme "headed off us" wala "headed off them". Lakini jina kamili laweza kukaa katikati au mwisho. "Head off the goats" na "head the goats off" zote ni sahihi.

Shauri letu ni hili. Kulielewa neno hili ni lazima, kwa sababu wengine watalitumia mbele yako. Kulitumia wewe mwenyewe si lazima. Pale maisha yako yanapoandikwa, tumia maneno mepesi: "They stopped us at the river. We could not cross." Walituzuia mtoni, hatukuweza kuvuka. Hakuna atakayekucheka. Bora zaidi, sema kwa lugha unayoijua vizuri na uombe mkalimani. Kama hukuelewa swali, sema: "I do not understand. Please say it another way." Na kabla ya kuondoka, omba usomewe yaliyoandikwa. Kurekebisha kosa siku ileile ni rahisi kuliko kulieleza baada ya mwaka.

5. MANENO YENYE MAANA YA KARIBU

Kiingereza kina maneno mengi yanayokaribiana na "head off". Kila moja lina mahali pake.

"Stop" ni kuzuia au kusimamisha. Ndilo jepesi na la salama kuliko yote. Ukisahau mengine, shika hili.

"Block" ni kuziba njia. Hata kitu kisicho na uhai chaweza kuziba. "A fallen tree blocked the road." Mti ulioanguka uliziba barabara.

"Intercept" ni kunasa kitu kikiwa njiani kabla hakijafika. Wenzetu waliosoma Kifaransa watalitambua mara moja, kwa sababu Kifaransa kinasema "intercepter". Hutumika kwa watu, na zaidi kwa barua, habari za redio na mizigo. "The letter was intercepted." Barua ilinaswa njiani. Kwa barua usiseme "headed off". Vijana wa mpira, hili ni neno lenu pia: kukata pasi ni "to intercept a pass". Lakini "to head the ball" ni kupiga mpira kwa kichwa, nako hakuhusiani na somo la leo.

"Turn back" ni kurudisha. "They were turned back at the border." Walirudishwa mpakani. Nalo lina mtego. "They turned back", bila "were", ni kwamba waligeuka wenyewe wakarudi. Kurudishwa na kurudi ni mambo mawili.

Kwa balaa, ugonjwa na njaa kuna haya:

"Prevent" ni kuzuia jambo lisitokee kabisa. Ndilo utakaloliona zaidi kwenye mabango ya afya.

"Avert" ni kuepusha balaa lililokuwa limekaribia sana. "A fire was averted." Moto ulikuwa karibu kutokea, ukaepushwa.

"Ward off" ni kufukuza au kukinga, kama moshi unavyofukuza mbu.

"Stave off" ni kusogeza balaa mbele kwa muda tu. "A little porridge staves off hunger until evening." Uji kidogo hushikiza tumbo mpaka jioni. Ona kwamba neno hili haliahidi kuimaliza njaa. Linasema njaa itarudi.

"Forestall" ni kuuwahi mpango wa mtu mwingine ukauharibu kabla hajauanza. Ni neno la vitabu na magazeti. Lifahamu tu.

6. TAHADHARI: "CUT OFF"

Neno hili nalo laweza kuwa na maana ya kukatia njia. "The guards cut off the thief." Walinzi walimkatia mwizi njia. Lakini mara nyingi zaidi lina maana nyingine mbili.

Kwanza ni kutenga. "The floods cut off the camp." Mafuriko yamekata njia, magari hayafiki kambini.

Pili ni kusitisha kabisa. Hapo angalia sana matangazo ya mgao. "Rations will be cut" maana yake mgao utapunguzwa. "Rations will be cut off" maana yake mgao utasitishwa, hakuna tena. Neno moja, "off", ndilo tofauti ya chakula kidogo na chakula kukosekana. Mtu akisoma tangazo kwa haraka akaongeza "off" ambayo haipo, kambi nzima italala na hofu, na wengine watauza turubai zao usiku kwa bei ya kutupa. Kabla ya kueneza habari, soma mara mbili, kisha muulize mwenyekiti wa kijiji chako.

7. TUSOME PAMOJA

Hili ni tangazo la mfano. Lisome mwenyewe kwanza kabla ya kutazama maelezo.

"The health team will head off to Village 3 at 7 a.m. They will vaccinate children to head off measles. If you see children going home before the vaccine, please head them off."

"Head off" imetumika mara tatu. Mara ya kwanza ni kuondoka: timu ya afya itaondoka saa moja asubuhi kwenda Kijiji cha 3. Mara ya pili ni kuzuia balaa: watachanja watoto ili kuiwahi surua. Mara ya tatu ni kukatia njia: ukiona watoto wanarudi nyumbani kabla ya chanjo, wawahi mbele uwazuie. Kama umezitambua zote tatu, somo umelielewa.

8. ZOEZI

A. Andika maana ya kila sentensi kwa Kiswahili.

1. "My brother headed off to school."
2. "Two men headed me off on the path."
3. "The chairman spoke to both families and headed off a fight."
4. "The women headed off early to look for firewood."

B. Sahihisha makosa.

5. "The dogs ran to the road and we headed off them."
6. "The message was headed off before it arrived."

C. Chagua neno linalofaa kati ya "stave off", "avoid" na "blocked".

7. "We took another road to ...... the soldiers."
8. "We ate wild fruit to ...... hunger."
9. "Mud and stones ...... the road."

MAJIBU

1. Kaka yangu aliondoka kwenda shule. 2. Wanaume wawili walinikatia njia kwenye kijia. 3. Mwenyekiti alizungumza na familia zote mbili akazuia ugomvi kabla haujatokea. 4. Wanawake waliondoka mapema kwenda kutafuta kuni. 5. "We headed them off." 6. "The message was intercepted before it arrived." 7. "avoid". 8. "stave off". 9. "blocked".

Ukipata saba au zaidi, hongera. Ukipata chini ya hapo, rudia sehemu ya 4 kabla ya nyingine zote, kwa sababu hiyo ndiyo yenye gharama kubwa ukiikosea. Kisha kaa na mwenzako. Mmoja aseme "walinizuia", "walimzuia", "walituzuia" kwa Kiswahili, na mwingine ajibu kwa Kiingereza, mpaka lile neno dogo la katikati lisiponyoke tena.

Ukimaliza kuisoma karatasi hii usiitupe. Mpe jirani. Tukutane katika somo lijalo.